Moto Chini ya Maji: Historia ya Nishati, Sheria na Fundi Mjini Songea

Kila utawala uliokaa Songea ulihitaji maji ya moto, na kila mmoja uliyapata kwa namna iliyoonyesha uhusiano wake na watu wa hapa. Hospitali haiwezi kuosha wazazi, shuka wala vyombo bila maji ya moto. Bweni la shule huyahitaji katika asubuhi za Juni na Julai, kwa maana mji huu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na baridi yake haina mzaha. Jiko la gereza, hoteli ya wageni, kituo cha afya na nyumba ya watawa vyote huyahitaji. Swali la nani anachota, nani anakata kuni, nani anawasha moto na nani anaungua mtambo unapokosewa ni swali la historia ya siasa, ingawa vitabu vyetu vya historia havijalitengea sura.

Nimeamua kuliandikia sasa kwa sababu taasisi zetu zinahama. Kuni zinaondoka, gesi inaingia, na juu ya ukuta wa nyuma wa jengo panafungwa mtambo wa kupashia maji joto kwa gesi, wenye waya wa umeme ubavuni na bomba la gesi chini yake. Mtambo huo ni mahali ambapo moto, maji, umeme na hewa vinakutana ndani ya sanduku moja la bati. Hoja yangu ni kwamba usalama wa sanduku hilo haumtegemei fundi peke yake. Unategemea taifa limeijengaje elimu ya ufundi, limeigawaje mamlaka ya ukaguzi, na linamthamini kwa kiasi gani mtu anayefanya kazi karibu na moto.

Tuanze mwanzo. Wajerumani walijenga boma lao Songea mwaka 1897. Mwaka uliofuata Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walianzisha misheni ya Peramiho, na mwaka huohuo kodi ya nyumba ikaanzishwa katika koloni. Kodi na kazi za shuruti vilikuwa nishati ya utawala ule kabla ya nishati nyingine yoyote: mikono ya watu ndiyo iliyobeba mizigo, ikakata miti na kutengeneza njia. Vita vya Majimaji vilipofika Ungoni mwaka 1905, Peramiho iliteketezwa kwa moto. Jibu la Wajerumani tunalifahamu. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa 67 walinyongwa Songea, akiwamo Nkosi Mputa Gama. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake, naye alinyongwa mwaka huohuo. Kila Februari tunawakumbuka, na ni haki tuwakumbuke.

Lakini kuna somo moja la vita vile ambalo halisemwi sana kwenye hotuba. Teknolojia iliingia Ungoni kama mali ya mtawala. Bunduki ya rashasha, simu ya maandishi na mtambo wa mvuke vilikuja vikiwa vimefungwa: mwananchi aliona matokeo yake, hakuruhusiwa kuona matumbo yake. Ujuzi wa namna kitu kinavyofanya kazi ulikuwa sehemu ya utawala. Anayejua kufungua mashine ndiye anayeamua itawahudumia akina nani na kwa masharti gani.

Mlango ulifunguka kidogo kupitia karakana. Peramiho ilipojengwa upya, ilikua ikawa mji mdogo wenye hospitali, kiwanda cha uchapaji, useremala, uhunzi na shule ya ufundi. Vijana wa Kingoni, Kimatengo na Kindendeule walijifunza hapo kupima, kukata na kuunga. Ni haki kuusifu mchango huo. Ni haki pia kusema kwamba ulikuwa kisiwa. Nje ya kisiwa hicho, serikali ya Waingereza iliifanya Kusini kuwa hifadhi ya vibarua. Wanaume wa Songea walipelekwa kama manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na nyumbani walibaki wanawake wakibeba kuni na maji. Mkoa uliotoa nguvukazi kwa wengine haukupewa mitambo ya kupunguza kazi yake wenyewe.

Ukilitazama jambo hili kwa upande wa umeme, mfululizo wake ni uleule. Kampuni iliyokuja kuwa TANESCO ilianzishwa mwaka 1931 ikiwa kampuni binafsi iliyofuata faida, na faida ilikuwa mijini na kwenye mashamba makubwa ya Kaskazini. Serikali huru ilianza kununua hisa mwaka 1964 na hatimaye ikaimiliki yote. Hata hivyo, kwa miongo mingi Songea iliendelea kuishi na jenereta za dizeli, nje ya gridi ya Taifa. Barabara ya lami kutoka Makambako ilifika katikati ya miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza. Nyaya za gridi ziliufuata ushoroba huohuo zaidi ya miaka 30 baadaye: laini ya kilovolti 220 yenye urefu wa takriban kilomita 250 kutoka Makambako kupitia Madaba, iliyojengwa kwa ushirikiano na Sweden. Songea iliunganishwa na gridi mwaka 2018, na Rais John Magufuli aliuzindua mradi huo Aprili 2019.

Katika kipindi cha kungoja, watu hawakukaa bure. Masista Wabenediktini wa Chipole walijenga mtambo wa maji wa Tulila, wenye uwezo wa megawati 5, kwenye Mto Ruvuma, ule unaoanzia katika Milima ya Matogoro iliyo jirani na mji wetu. Mtambo ule ulianza kazi mwaka 2015, ukauza umeme kwa TANESCO. Yaani kabla Taifa halijaileta gridi Songea, watawa wa kike wa Ruvuma walikuwa wamekwisha kuigeuza nguvu ya maji kuwa umeme. Mwanafunzi anayedhani uhandisi ni kazi ya watu wa mbali na aitafakari habari hiyo.

Kwa upande wa gesi, historia ni chungu zaidi. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Ile ya Songo Songo ilianza kusafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam mwaka 2004. Bomba la pili, kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, lilianza kujengwa mwaka 2012 na kuzinduliwa mwaka 2015, na katikati yake kukatokea maandamano na ghasia za Mtwara za mwaka 2013, ambapo wananchi walihoji kwa nini gesi ya kwao iondoke kabla ya kuwafaa. Bomba lile lilielekea kaskazini kwa kufuata pwani. Halikugeukia magharibi kuja Ruvuma.

Kwa hiyo gesi inayowaka leo katika majiko ya Songea siyo ile ya Mtwara. Ni gesi ya mitungi, inayoagizwa kutoka nje, ikashushwa bandarini na kuletwa kwa malori kupitia Makambako. Wanasiasa wetu husema "gesi yetu" wakimaanisha zote mbili, na wananchi hupokea neno hilo kama lilivyo. Kisiasa ni uzembe wa lugha. Kiufundi ni hatari, na ningependa msomaji aelewe kwa nini.

Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, nayo ni nyepesi kuliko hewa. Ikivuja hupanda juu, na chumba chenye matundu karibu na dari huiondoa. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni kama maji, hujaza shimo, mfereji na chumba cha chini, na hukaa hapo ikisubiri cheche. Matundu ya juu peke yake hayaisaidii; lazima pawe na matundu usawa wa sakafu, na mitungi ikae nje, mbali na mifereji, madirisha ya chini na mashimo ya maji taka. Tena mtambo uliotengenezwa kwa methani una nozeli yenye tundu kubwa na mgandamizo wake tofauti. Ukiulisha gesi ya mitungi bila kubadilisha nozeli na kurekebisha mgandamizo, moto huwa mkubwa kupita kiasi, huungua vibaya na kutoa masizi na kaboni monoksidi. Kibandiko kidogo cha bati kilichopigiliwa ubavuni mwa mtambo hutaja aina ya gesi. Fundi asiyekisoma hajaanza kazi.

Mtambo wenyewe una historia. Mwaka 1868 huko London, Benjamin Waddy Maughan alibuni kifaa cha kupasha maji ya kuogea kwa miale ya gesi. Kiliyapasha maji vizuri, lakini hakikuwa na dohani. Moshi wote ulibaki chumbani na mwogaji. Mwaka 1889 Edwin Ruud, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyefanya kazi Pittsburgh, Marekani, alibuni mtambo wenye tangi unaojidhibiti wenyewe. Tangu hapo historia ya kifaa hiki ni historia ya kuongeza vizuizi, na karibu kila kizuizi kiliongezwa baada ya mtu kufa.

Hebu tuvitaje vizuizi hivyo, maana afisa anayesaini hati ya malipo anapaswa kujua analipia nini. Kuna dohani, inayotoa moshi nje ya jengo, na tundu la hewa safi inayolisha moto. Moto ukikosa hewa ya kutosha hutengeneza kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlaza mtu usingizi asiouamkia. Kuna kihisi cha mwale, kinachofunga gesi moto ukizimika. Kuna thamostati, na nyuma yake kikomo cha pili cha joto endapo thamostati itakwama. Kuna vali ya usalama juu ya tangi, ambayo kwa kawaida hufunguka joto likikaribia nyuzi 99 za Selsiasi au mgandamizo ukifika takriban baa 10. Maji yakigeuka mvuke hupanuka mara 1,600 hivi. Tangi lililofungwa lisilo na vali hiyo ni bomu. Bomba la kutolea maji ya vali lielekezwe chini, mahali salama panapoonekana, wala lisizibwe kwa sababu tu "linachuruzisha".

Katika mitambo mikubwa ya taasisi, vizuizi vingi kati ya hivyo huendeshwa kwa umeme. Feni huvuta hewa, swichi ya mgandamizo wa hewa huthibitisha kwamba feni inafanya kazi, kisha bodi ya kudhibiti huruhusu cheche, na mwisho kabisa vali ya gesi hufunguka. Mpangilio huo ni mlolongo wa ruhusa: asipokubali wa kwanza, wa pili hapewi nafasi. Umeme ukikatika, gesi hujifunga. Hapa ndipo waya wa umeme unapogeuka kuwa kiungo cha usalama wa gesi, na kosa la fundi umeme huweza kuua kama kosa la fundi bomba.

Makosa ya waya hayatokei hewani, nayo yana historia. Tulirithi mfumo wa Waingereza: volti 230, plagi ya pini tatu za bapa, na rangi za zamani ambapo nyekundu ilibeba umeme, nyeusi ilikuwa nyutro na ethi ilikuwa ya kijani. Waingereza wenyewe walibadili rangi kati ya mwaka 2004 na 2006, wakachukua kahawia kwa laivu, buluu kwa nyutro, na kijani chenye mistari ya njano kwa ethi. Majengo yetu ya zamani yana rangi za kale na vifaa vipya vina rangi mpya. Juu ya hayo huingia mitambo ya msaada na ya mitumba kutoka Marekani, ambako waya mweusi ndio unaobeba umeme, mweupe ni nyutro, na mtambo wenyewe hutaka volti 120. Rangi nyeusi kwa hiyo ina maana mbili zinazopingana, na mahali zinapokutana ni mkononi mwa fundi wa Songea. Fundi mwenye busara haamini rangi. Hutenga umeme, hufunga swichi asije mwingine kuiwasha, hupima kwa kipimo, kisha huunga.

Laivu na nyutro zikigeuzwa, mtambo mwingine hukataa kuhisi mwale na kuzimika kila mara. Mwingine huwaka kama kawaida, lakini swichi inayodhaniwa kuuzima hukata nyutro tu na kuyaacha matumbo yake yakiwa na umeme. Ethi ikikosekana, bati lote la mtambo huweza kuwa na umeme, na mwanafunzi mwenye mikono iliyolowa maji ndiye atakayeligundua. Kwa hiyo mtambo uwe na laini yake peke yake kutoka kwenye boksi la usambazaji, sakiti breka inayolingana na mzigo, kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampea 30, na swichi ya kutenga iliyo karibu na inayofikika. Bomba la gesi la chuma huunganishwa na ethi ya jengo ili lisibaki na umeme wa kupotea, lakini kamwe lisitumiwe kama njia ya ethi. Kidhibiti volti nacho si anasa, kwa maana volti ikipanda na kushuka huua bodi ya kudhibiti, na bodi iliyokufa ndiyo mwanzo wa dhambi ninayotaka kuitaja.

Dhambi hiyo ni kuruka ruhusa. Bodi inakataa kuwasha, meneja anataka maji ya moto kesho asubuhi, kipuri kiko Dar es Salaam, na fundi anaambiwa "fanya fanya liwake". Anachukua kipande cha waya, anaunganisha ncha mbili za swichi ya hewa, na mtambo unawaka. Kila mtu anafurahi, naye anasifiwa kwa ubunifu. Tangu siku hiyo feni ikifa, gesi itaendelea kuwaka bila kuvuta moshi, na sanduku la bati halitakuwa na namna ya kusema hapana. Tunaita jambo hilo ujanja wa fundi. Mimi naliita tatizo la utawala, kwa sababu fundi yule alipewa amri pasipo muda, kipuri wala haki ya kukataa.

Baridi ya Songea nayo huleta kishawishi chake. Gesi ikitumika kwa wingi asubuhi ya Julai, mtungi hupoa, mgandamizo hushuka na moto hufifia. Wapo wanaoshawishika kuumwagia mtungi maji ya moto au kuusogeza karibu na jiko. Jawabu salama ni kuunganisha mitungi kadhaa kwa pamoja, kwa regulata inayolingana na mzigo, ikiwa imesimama wima nje chini ya kivuli. Viungo vyote vipimwe kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti. Na kwa kuwa hewa ya nyanda za juu ni nyembamba kuliko ya pwani, mtambo uliorekebishwa kwa ajili ya Dar es Salaam hupaswa kuangaliwa upya mwako wake kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji.

Je, tunangoja nini ili tulichukulie jambo hili kwa uzito? Historia ya nje ina majibu ya kutisha. Tarehe 18 Machi 1937, katika shule ya New London, jimbo la Texas, gesi asilia isiyo na harufu ilivuja na kujaza nafasi chini ya jengo. Cheche ya mashine ya karakana ikailipua. Walikufa watu wapatao 300, wengi wao watoto. Ni baada ya hapo ndipo Texas ilipotunga sheria ya kutia gesi harufu kali, na sheria ya kuwasajili wahandisi. Ile harufu unayoinusa mtungi unapovuja imeenea duniani kwa sababu ya makaburi yale.

Karibu zaidi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mlipuko wa gesi ulitokea Embakasi, Nairobi, katika eneo lililokuwa likijaza mitungi katikati ya makazi. Watu waliuawa na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Mamlaka ya nishati ya Kenya ilieleza kwamba ilikuwa imeyakataa maombi ya kibali cha ujenzi wa kituo mahali pale. Kukataa kulikuwako kwenye karatasi. Gesi ilikuwako kwenye malori. Umbali kati ya karatasi na malori ndio uliowaua watu.

Sisi Tanzania karatasi tunazo. Ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ipo Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, ipo Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, na ipo Sheria ya Petroli ya mwaka 2015. EWURA hutoa leseni kwa mafundi umeme kwa madaraja, TBS husimamia viwango, na VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo hapa Songea. Ukizisoma sheria hizi moja moja utaridhika. Ukisimama mbele ya mtambo wa gesi uliofungwa ukutani utauliza: ni nani kati ya hawa anayeukagua wote kwa pamoja? Wa umeme hutazama waya, wa zimamoto hutazama mtungi wa kuzimia moto na mlango wa dharura, wa maji hutazama bomba. Mtambo unaishi kwenye viungo kati ya mamlaka hizo, na ni kwenye viungo ndiko vitu huvuja.

Jambo hili lina haraka kwa sababu Serikali imeshatoa mwelekeo. Taasisi zinazohudumia watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa kuacha kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mimi naunga mkono. Anayejua gharama ya kuni kwa Milima ya Matogoro, kwa mapafu ya wapishi na kwa migongo ya wanawake hawezi kupinga. Lakini mkakati unaohesabu mitungi iliyogawiwa na usihesabu mafundi waliofundwa unarudia mtindo wa zamani: kifaa huletwa kikiwa kimefungwa, ujuzi wa kukifungua hubaki kwingine.

Nayataja mambo manne, nikiwalenga wasomaji wangu kila mmoja kwa nafasi yake. Kwanza, watumishi wa halmashauri. Utaratibu wa Force Akaunti umetujengea madarasa na zahanati kwa gharama nafuu, nami siupuuzi. Lakini kuta zinaweza kusamehe kosa la fundi wa mtaani. Mtambo wa gesi hausamehi. Mchanganuo wa gharama utenge mafungu ya dohani, matundu ya hewa, ethi, kipima kaboni monoksidi na matengenezo ya kila mwaka, si bei ya mtambo pekee. Malipo ya mwisho yasitolewe kabla fundi umeme mwenye leseni na fundi gesi aliyefunzwa hawajasaini kwa pamoja kwamba wameupima mtambo ukiwaka, na kwamba kila kizuizi kimejaribiwa kikakataa kama inavyopaswa.

Pili, vyuo vya ufundi. Tumewafundisha vijana umeme chumba kimoja na bomba chumba kingine, kana kwamba vifaa navyo vimegawanyika hivyo. Inatupasa kuwa na fundi anayejua vyote viwili, au walau anayejua mahali ujuzi wake unapoishia na wa mwenzake unapoanzia. Karakana za Peramiho zilithibitisha zamani kwamba kijana wa Ungoni hukosa nafasi tu, hakosi uwezo.

Tatu, wanaharakati. Haki ya nishati isiishie kwenye bei ya mtungi. Mpishi, mlinzi na mhudumu wa wodi wana haki ya kujua mtambo ulio nyuma ya ukuta wao umekaguliwa lini na nani. Tarehe hiyo ibandikwe mlangoni, kwa Kiswahili, pamoja na maelezo ya mahali ilipo vali ya kufungia gesi. Hilo halihitaji mfadhili.

Nne, wanafunzi. Msidharau historia ya vitu vidogo. Rangi ya waya, tundu la nozeli na mwelekeo wa bomba vina siasa ndani yake sawa na mkataba wa kikoloni, na aghalabu vinadumu zaidi ya mkataba huo. Atakayeandika historia ya Ruvuma ya karne hii na aingie jikoni na kwenye chumba cha mitambo, si Ikulu na kwenye nyaraka tu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Taasisi zetu zinafunga mitambo hii sasa, na ufa bado ni mwembamba kiasi cha kuzibwa kwa kalamu ya mkaguzi na mafunzo ya miezi michache. Mji huu umewahi kulipia ujuzi wa wengine kwa damu ya watu wake. Hauna sababu ya kulipa tena kwa ajili ya maji ya kuogea.